Jina Nililolitoa Mahameni

Nilitoka kijijini jua likiwa limeanza kuinama, jembe begani, gunia tupu kwapani. Nilikuwa nakwenda kufukua michembe. Hilo tu. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikakauka kabisa. Ukivihifadhi vizuri unavila hata mwaka mzima.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka sabini na tano. Miezi mitano kabla, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, magari yalikuja yakatusomba kutoka kwenye kaya zetu za zamani, yakatushusha kando ya barabara ya Shinyanga mjini. Tuliambiwa tutakuwa karibu na shule, karibu na zahanati, karibu na mji. Mji tulikuwa tunauona kweli, usiku taa zake zinametameta kule. Lakini mashamba tuliyaacha nyuma. Mvua ikagoma, na mahindi tuliyopanda kwenye ardhi ile ngeni yakanyauka hayajafika magotini. Tukawa watu wa kusubiri unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa unga wa yanga. Ukija leo, wiki mbili huuoni tena.

Mume wangu, Maganga, alikuwa Maganzo akichekecha mchanga kutafuta almasi. Mwezi wa pili ule. Hakuna barua wala salamu. Nilibaki na binti yetu Mageni, miaka minne, miguu imemvimba, nywele zimegeuka rangi kama nyasi za kiangazi. Asubuhi ya siku hiyo nilimwita mara tatu ndipo akafungua macho.

Ndipo nikamkumbuka mama mkwe wangu, Nkwimba.

Siku ya kuhamishwa alifukia mtungi wa michembe chini ya ghala lake, akaniambia mimi peke yangu. Alikataa kupanda gari, wakampakia kama mzigo. Kule kijijini hakumaliza wiki tatu. Akiwa anakata roho alimshika Maganga mkono, akamwomba akamlaze kwenye kaya yake. Maganga aliogopa. Watu walikuwa wamekatazwa kurudi mahameni, kwenye kaya zilizohamwa, iwe hai au maiti. Tukamzika kijijini, kwenye udongo ambao hakuwahi kuulima hata siku moja.

Mageni nilimwacha kwa jirani yangu, Melania.

"Justa, usichelewe," aliniambia kwa sauti ndogo. "Huyu mtoto sijui kama..."

Sikumngoja amalize.

Mwendo ulikuwa wa saa moja na nusu. Nilipita kaya za watu niliowajua, kuta zimebomoka, majani yamefika kiunoni. Hakuna mbuzi aliyelia. Hakuna jogoo. Nilipofika kwenye uzio wetu wa minyaa, jua lilikuwa linazama.

Nikasimama.

Kulikuwa na harufu ya viazi vinavyochemka.

Niliinua pua kama mbwa. Nisikufiche, sikuogopa. Tumbo halikuniachia nafasi ya kuogopa. Nilijua tu kwamba kuna mtu anapika, na mtu anayepika anaweza kunipa.

Nikaingia.

Ua ulikuwa umefagiliwa. Majani yote yaliyokuwa nje ya uzio, ndani hayakuwemo. Nyumba haikuwa na paa, tulikuwa tumeliezua siku ile ya magari. Lakini mlangoni ulitoka mwanga wa moto, na ndani mtu alikuwa anakwangua chungu.

Kwaru... kwaru... kwaru...

"Umekuja peke yako?"

Sauti ile niliijua. Ilikuwa imeniamsha alfajiri kwa miaka sita.

"Mwadila, mayu," nikasema. Mdomo ulimwamkia mama wenyewe kwa Kisukuma, kama ulivyozoea.

"Mwadila. Ingia."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo. Kaniki yake ileile. Shingo yake ileile nyembamba. Alinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi... udongo wa chini, ule wenye ubaridi.

"Umekonda, mkwe wangu."

"Njaa, mayu."

"Na mimi huko mlikoniweka nina njaa. Simjui mtu. Ninaowasalimia hawaniitikii."

Nilipiga magoti. Machozi yalinitoka, sijui ya hofu au ya aibu. "Tusamehe, mayu. Tulikatazwa."

Aliendelea kukwangua.

"Mageni hajambo?"

"Anakufa, mayu."

Mkono wake ukasimama.

"Basi nipe mimi. Hapa chakula kipo. Tutakaa wote."

"Hapana!" Nilijisikia nikipiga kelele. "Mayu, huyo hapana. Nina huyo mmoja tu."

"Sitakaa peke yangu tena," alisema polepole. "Nimekaa peke yangu ya kutosha. Ukitaka kuondoka na chakula, nipe mtu. Ukikataa, nenda. Lakini huko nyumbani hutamkuta."

Moto ulilia. Nje giza lilikuwa linaingia. Nilimwona mwanangu kwenye mkeka wa Melania, mdomo wazi, nzi kwenye pembe za macho. Ningeweza kusema "Nichukue mimi." Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi sana. Lakini wakati ule niliwaza: nikibaki, nani atampelekea Mageni chakula? Nikafikiria nani mwingine ninaye duniani. Alikuwa mmoja tu. Na alikuwa ameniacha na njaa, mwezi wa pili, bila hata salamu.

Nikanong'ona.

"Mchukue mwanao."

"Mtaje."

"Maganga."

Ndipo akacheka. Kicheko kidogo, cha mama aliyeambiwa mwanawe yuko njiani. Akainua mkono, akaonyesha pembeni bila kugeuka. Mtungi ulikuwa pale, kando ya ukuta, mdomo wazi, umejaa michembe mpaka juu.

"Chota. Usigeuke ukitoka."

Nikachota kwa mikono miwili mpaka gunia likanilemea. Nikatoka. Sikugeuka. Nilikimbia na mzigo ule kichwani, miiba ikinichana, mdomoni natafuna vipande vikavu na kuvimeza vizimavizima. Vilikuwa vitamu... Mungu wangu, vilikuwa vitamu.

Tulimchemshia Mageni michembe, tukaiponda kama uji, Melania akimshikilia kichwa. Alimeza kijiko cha kwanza. Akameza cha pili. Siku ya tatu aliomba maji mwenyewe. Siku ya saba alisimama.

Melania naye alikuwa na watoto. Kesho yake tu baada ya safari ile aliniuliza nimepata wapi, nikamwambia nimefukua kwetu. Akashika jembe akaenda. Alirudi mchana ananitazama vibaya.

"Mbona kule ni pori tupu? Nyasi zimejaa hadi ndani ya nyumba."

"Na ua?"

"Ua gani, Justa? Sikuona ua. Nimeona shimo moja tu, pale lilipokuwa ghala, na vigae vya mtungi."

Nilipoangalia viganja vyangu, vilikuwa na malengelenge ya mpini wa jembe. Nikashukuru. Nikajiambia nilichimba mwenyewe, mengine yalikuwa njozi za njaa. Mtu asiyekula siku tatu huona mengi. Nililishika jambo hilo kwa nguvu zangu zote.

Wiki mbili baadaye alikuja mtu kutoka Maganzo, Marselino, aliyekuwa akichimba shimo moja na mume wangu. Alibeba blanketi na viatu vya Maganga.

"Shemeji, amefika salama?" aliuliza.

"Nani?"

Akashangaa. Akanieleza kwamba siku aliyoondoka, jioni, walikuwa shimoni wanachekecha. Maganga akainua kichwa, akaitika, "Naam, mama." Marselino hakusikia mtu akiita. Maganga akaweka chekecheke chini, akanawa mikono, akaondoka pekupeku. Walimwita, hakugeuka.

Nilimuuliza ilikuwa siku gani. Akahesabu kwa vidole.

Ilikuwa siku ileile. Jua likizama.

Watu walimtafuta. Wengine walisema ameoa Buseresere, kwamba mfanyabiashara mmoja alimwona huko akiuza ndizi. Niliomba iwe kweli. Nikwambie, nilipiga magoti kanisani nikaomba mume wangu awe ameniacha kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Miaka ilipita. Mageni akaanza shule. Mwaka wa themanini na tatu watu walianza kurudi mahameni kidogokidogo, maana ardhi ya kule ilikuwa na rutuba na hakuna aliyewafukuza tena. Mdogo wake Maganga, Donatus, aliyekulia kwa wajomba zake, akasema atakwenda kufungua shamba la baba yake. Nilimkataza. Aliniuliza kwa nini.

Alikwenda Jumatatu na vyombo vyake vyote. Jumatano asubuhi nilikuwa napalilia pamba nikamwona amesimama pembeni ya shamba. Hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, mcheshi. Siku hiyo hakunisalimia.

"Kuna nini, shemeji?" nikamuuliza.

Alitazama chini.

"Nimemkuta kaka."

Jembe likanitoka mkononi.

"Yuko na mama. Hakuzeeka hata kidogo." Alimeza mate. "Anakusalimu. Anauliza kama ni kweli kwamba wewe ndiye uliyemtaja. Mama amemwambia hivyo kila siku, lakini yeye anakataa kuamini. Amesema atalisikia kwako."

Upande wa pili wa shamba Mageni alikuwa ameinama anapalilia, mzima, miguu yake imenyooka, anaimba.

"Mwambie..." nilianza. "Mwambie mtoto alipona."

Donatus alitikisa kichwa.

"Mimi kule sirudi, shemeji. Anakusubiri wewe."