Kigololi Kilichopanda Chenyewe

Nesi Mayasa alikishusha kigololi mpaka nusu lita, Khairat akimtazama. Ni kile kigololi kidogo ndani ya kibomba cha kioo, juu ya mtungi wa oksijeni, kinachoonyesha mtoto anapata hewa kiasi gani. Khairat aliinama kumfunika mwanawe miguu. Alipoinuka, kilikuwa kwenye lita nne.

"Nani kaongeza tena?" Mayasa akauliza kwa sauti ya chini. "Khairat, nshakwambia. Mapafu yake bado mabichi, hewa anaitaka. Lakini ikizidi inaharibu mishipa ya macho. Atapofuka."

"Wallahi sikugusa, dada."

Haitham alizaliwa kabla ya siku zake, mama yake akiwa kwenye shamba la mwani huko Kiwengwa, na sasa alikuwa na wiki tatu katika hospitali hii ya mjini. Watu hudhani jini lazima angoje giza. Huyu alikuja adhuhuri, jua likiwaka, na kilichomtangulia ni harufu ya udi, katika chumba ambacho hata kibiriti kilikatazwa kwa sababu ya ile mitungi.

Bi Mashavu, mkwewe Khairat, alifika na uji akasita mlangoni.

"Nani kafukiza humu?" Akamsogelea Khairat. "Mwanangu, siku ile mtoto alipokata pumzi, ulisema nini?"

Khairat akamtazama mwanawe. "Nlisema... anayenisikia ampe pumzi mwanangu, achukue anachotaka."

"Hukumtaja Mungu? Hukutaja kitu?"

"Sikutaja."

"Yaa Rabbi! Nadhiri huwekwa kwa Mungu, na kitu hutajwa. Wewe umemwachia kila mwenye masikio achague mwenyewe. Pumzi kampa. Sasa anataka macho."

"Tumwite mtu aje amfukize, mama."

"Kwa moto, humu? Tutaungua sote. Taja kitu, mwanangu. Taja upesi!"

"Mbuzi," Khairat akanong'ona. Kigololi kikapanda. "Mbuzi wawili." Kikapanda tena, akakirukia kifungulio cha mtungi akikifunga kwa mikono miwili, nacho kikawa kinazunguka kinyume chini ya vidole vyake, kama kwamba mkono mwengine umeukamata wake, mkono wa baridi unaonuka udi, na Haitham akafumbua vijicho vyake, na Khairat, aliyekuwa na hofu hata akataka kumwacha mwanawe na kukimbia, akauinamia ule mkono asiouona na kuunong'oneza neno moja.

Kigololi kikashuka mpaka nusu, kikatulia.

"Umetaja nini?" Bi Mashavu akauliza.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, alikuja daktari wa macho. Alimchungulia Haitham kwa muda mrefu, Khairat akiwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Macho yake mazima," daktari akasema.

Bi Mashavu akaangua kilio cha furaha. Jua la saa nne lilikuwa limejaa chumba kizima. Khairat akatabasamu, akanyoosha mikono apewe mwanawe, akawa anapapasa upande asikokuwa mtoto.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi nambieni, kafanana na nani?"