Kigingi cha Darajani

Asubuhi hiyo Pilipili aliamka amenuna, na hata mwenyewe hakujua sababu. Maji ya kuoga yalikuwa baridi, soksi moja haikuonekana, na mdogo wake alikuwa bado kitandani akikoroma kama mfalme. Pilipili si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wenzake, kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anawasha.

Alifagia sebule kwa vishindo. Mama, aliyekuwa akimimina chai vikombeni, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Ufagio umekukosea nini, mwanangu?"

"Hakuna."

"Basi usiupige. Njoo tuombe."

Mama aliomba polepole kama kawaida yake, bila kuruka mtu. Aliombea safari ya darasa, akamwombea baba na kazi yake, kisha akasema, "Na binti yetu umpe moyo wa upole." Pilipili akafumbua jicho moja. Kwa nini yeye? Kwa nini asiombewe huyo anayekoroma?

Baba alikuwa ameshavaa buti. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni katika bonde lililo nyuma ya mji. Zamani huko kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma. Kilitengeneza majembe, vyungu na kengele, kisha kikafungwa, na miti ikarudi taratibu kukaa mahali pake. Siku hiyo wageni wa baba walikuwa darasa la Pilipili. Baba alisimama mlangoni, akaegemeza mgongo kwenye fremu, akanyoosha mikono na kufanya mazoezi.

"Wapenzi wageni, hapa chini yangu mnaona gurudumu lililoendeshwa na maji..."

"Baba, tafadhali, leo usiseme 'wapenzi wageni'. Watanicheka."

"Niseme nini? Maadui wageni?"

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Pilipili hakucheka.

Kwenye lango la bonde baba aliwapanga. Mwalimu wa sayansi, mama mmoja mpole mwenye kofia pana, alisimama pembeni akihesabu vichwa.

"Masharti yangu ni mawili," baba alisema. "Tunakwenda kwa mstari mmoja, na humu hakuna kuchuma. Si ua, si jani, si tunda. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Wakaingia. Njia ilipita kando ya kuta za mawe zilizoota majani laini ya kijani kama zulia. Ndani ya tanuri kubwa, mahali ambapo zamani moto haukuzimika, mbayuwayu walikuwa wamejenga viota, na makinda yalichungulia kwa midomo ya njano. Mtini ulikuwa umeota juu kabisa ya bomba la moshi, mizizi yake ikashuka chini ukutani kama kamba. Hata wale watundu walinyanyua shingo kutazama. Pilipili akaanza kujisikia vizuri. Baba yake alikuwa akisikilizwa.

Ndipo baba alipoinama kijitoni, akaokota jiwe jeusi linalong'aa kama kioo.

"Hili si jiwe la kawaida. Chuma kikiyeyuka, uchafu wake hujitenga na kutolewa nje. Ukipoa unakuwa hivi. Jina lake ni mavi ya chuma."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Wengine walishika mbavu, wengine wakakaa chini.

"Kumbe!" alisema mvulana aitwaye Spana. Huyu alilelewa na mjomba wake, fundi wa baiskeli, na hakuna kipande cha chuma kilichompita bila kukigusa. "Kumbe Pilipili, kila siku tunakuuliza baba yako anafanya kazi gani, hujibu. Kumbe mzee anatunza mavi!"

Vicheko vikaongezeka. Pilipili alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Aliruka kutoka kwenye mstari, akamsukuma Spana kwa mikono miwili, naye Spana akakaa matopeni kwa kishindo.

"Rudia!" alipiga kelele. "Rudia ulivyosema!"

"Wewe!" Baba alikuja mbio, uso umekunjamana. Hakumuuliza lolote. "Umetoka njiani, unasukuma watu karibu na maji! Hivi ndivyo nilivyokufundisha nyumbani? Nenda mwisho wa mstari. Na nisisikie sauti yako mpaka turudi langoni. Umenielewa?"

Wote walisikia. Pilipili alikwenda nyuma, machozi ya moto yakimchoma macho. Nimempigania yeye, aliwaza, naye ananifokea mimi. Vema. Hataki kusikia sauti yangu. Hataisikia.

Mbele kidogo palikuwa na daraja la mbao lililovuka mfereji mkavu wa mawe, mfereji uliokuwa ukileta maji kwenye gurudumu. Upande mmoja wa daraja ulikuwa na kizuizi cha mbao, na upande wa pili, unaotazama gurudumu, mbao zilikwisha kuoza, hivyo palifungwa mnyororo mzito. Mwisho wa mnyororo ulishikwa kwenye nguzo na kigingi kifupi cha chuma.

"Gurudumu tutalitazama tukirudi," baba alisema, "jua likishalifikia huko chini. Sasa twende bwawani."

Mstari ukavuka. Spana alibaki nyuma akikwangua matope kwenye viatu, kwa hiyo wakawa wawili tu, yeye na Pilipili. Jicho la Spana likatua kwenye kigingi. Akakishika, akakizungusha, kikatoka taratibu kama jino bovu.

Pilipili akamtolea macho.

"Unanitazamia nini?" Spana alinong'ona. "Baba yako kasema tusichume. Mimi sichumi, bwana. Hiki chenyewe ni chuma!"

Ulikuwa mzaha mzuri. Kidogo Pilipili acheke, na hilo likamkasirisha zaidi. Spana alichomeka kijiti kikavu kwenye tundu la nguzo, akautundika mnyororo hapo. Kwa macho, ungedhani hakuna kilichoguswa.

"Ukisema, wewe ni mbea," alisema, akakitia kigingi mfukoni na kukimbilia wenzake.

Kule bwawani wengine walitazama kereng'ende wekundu wakiruka juu ya maji. Walilinganisha majani, wakabishana kuhusu konokono. Pilipili alikaa peke yake juu ya ukuta uliobomoka, akichuna rangi ya zamani kwa ukucha. Mwalimu alikuja kukaa karibu naye.

"Umenuna mpaka mashavu yamevimba. Unalo la kuniambia?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, zito kama lile jiwe jeusi. Lakini akasikia tena sauti ya baba: nisisikie sauti yako. Akasikia ya Spana: mbea. Akatikisa kichwa.

"Haya. Ukiwa tayari, nipo," mwalimu alisema, akaondoka.

Nao watajua, Pilipili aliwaza. Baba atakuta kigingi hakipo, ataanza kutafuta, ataaibika mbele ya watu. Atajua inavyouma. Wazo hilo lilikuwa tamu, na aliendelea kulimung'unya mpaka walipoitwa kurudi.

Jua lilikuwa sasa limefika chini ya mfereji, likamulika gurudumu kubwa lenye kutu na mawe makali yaliyotapakaa kulizunguka. Baba aliongoza mstari mpaka katikati ya daraja. Pilipili alikuwa mwisho, bado kwenye ukingo wa mfereji. Alimwona baba akigeuka kuwatazama wanafunzi. Alimwona akinyoosha mikono.

"Wapenzi wageni..."

Pilipili alikumbuka fremu ya mlango. Baba hawezi kueleza jambo bila kuegemea kitu, na nyuma ya mgongo wake palikuwa na mnyororo ulioshikwa na kijiti.

"Baba! Usiegemee! Baba!"

Baba alikunja uso. Sauti hiyo aliijua. Tangu asubuhi ilikuwa sauti ya ugomvi.

"Nilisema nini mimi?" alifoka, na huku akisema hivyo akaegemea.

Kijiti kilikatika. Mnyororo ukaporomoka, na baba akaenda nao. Wasichana walipiga mayowe. Mkono wake mmoja ulidaka ukingo wa ubao, mwingine ukajigonga kwenye nguzo kwa sauti iliyowafanya wote wafumbe macho. Buti zake zilining'inia juu ya mawe.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Spana. Alijitupa kifudifudi, akamshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili. Mwalimu naye alilala chini, kofia ikaruka, akakamata ukosi wa shati. Pilipili alipita katikati ya miguu ya wenzake na kumng'ang'ania baba begani. Alikuwa akiomba, lakini kwa hasira, kama anayegombana: Mungu, nimemkasirikia, ndiyo, lakini sikusema aanguke! Sikusema hivyo!

Walimvuta. Ubao ulilia, baba akaguna, na mwishowe akalala chali darajani akihema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Walipomkalisha ukingoni, uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Akautazama mnyororo, kisha nguzo.

"Nani amegusa kigingi?"

Hakupaza sauti, na ndiyo maana ilitisha. Mwalimu, aliyekuwa akimfunga mkono kwa mtandio wake, alisimama. Siku hiyo darasa lilimwona kwa mara ya kwanza akiwa na ghadhabu.

"Mmeulizwa! Mtu angekufa hapa!"

Spana alikazia macho viatu vyake vya matope. Pilipili alimtazama, na maneno yakamjaa kinywani, makali, ya kumchoma mbele ya wote. Lakini aliona pia zile kucha zilizochubuka kwa kumshika baba yake. Akameza mate.

"Nilimwona Spana akikichomoa," alisema. "Na mimi nikanyamaza. Tulipovuka kwenda bwawani. Nilijua, nikanyamaza."

Hakuna aliyemwita mbea. Spana aliingiza mkono mfukoni, akakitoa kigingi na kukiweka juu ya nyasi mbele ya baba.

"Nilikipenda tu," alisema, akaanza kulia. "Sikufikiri."

"Na wewe!" mwalimu alimgeukia Pilipili. "Si nilikuuliza kule bwawani?"

"Baba alisema asisikie sauti yangu mpaka turudi langoni."

Baba alifumba macho, na haikuwa kwa maumivu ya mkono tu.

Hospitalini daktari alisema mfupa umevunjika, akaufunga plasta. Mjomba wa Spana alikuja mbio, mikono ina mafuta ya cheni, akagomba mpaka muuguzi akamwomba atoke nje. Alimwuliza Spana kama alidhani watu ni baiskeli, kwamba wakivunjika mtu ananunua vipuri. Kisha akamwahidi baba kwamba Jumamosi watakuja wote wawili, kizuizi kipya cha chuma kitachomelewa pale, na Spana ndiye atakayebeba kila bomba kutoka barabarani.

Jumamosi hiyo Spana alibeba. Jasho lilimtiririka, mjomba akamfokea, cheche zikaruka, mbayuwayu wakahamaki na kuzunguka angani. Hakuna aliyefanya mzaha. Baba, mkono wake ukiwa shingoni, alikaa ukingoni na binti yake. Kwa siku kadhaa walikuwa wakizungumza kwa adabu tu, kama wageni: shikamoo, marahaba, chai tayari.

"Bado una hasira na mimi?" baba aliuliza ghafla.

Pilipili alifikiri kusema hapana. Ndilo jibu la heshima.

"Bado, baba. Kidogo."

"Haya, sema."

"Ulinifokea mbele ya darasa zima. Hukuniuliza hata kwa nini. Walikutukana wewe, baba. Walisema unatunza mavi. Mimi nilikuwa nakutetea, na wewe ukanifanya mimi ndiye mbaya. Na nilipokuita darajani ukadhani nafanya fujo."

Sauti yake ilipanda, ikavunjika. Baba hakumkatiza. Alisubiri mpaka maneno yote yakaisha.

"Nilikosea kukufunga mdomo," alisema. "Ilinipasa nikuulize kwanza. Nisamehe, mwanangu. Sasa na wewe nisikilize. Siku nzima ulikuwa ukipiga kelele kwa mambo madogo: ufagio, soksi, maneno ya kipuuzi ya mtoto mwenzako. Lilipokuja kubwa, sauti yako ilikuwa imeshachakaa masikioni mwangu. Anayewasha kila saa, siku ya moto wa kweli nani atamjua?"

Pilipili aliinamisha kichwa.

"Na kingine. Uliogopa kuitwa mbea. Mbea husema ili mtu aumie. Wewe ulitakiwa kusema ili mtu asiumie, na huo si umbea, ni ushahidi, Mungu anaudai kwetu. Kukasirika si dhambi. Hata mimi nilikasirika. Lakini hasira ukiifungia ndani na kuibembeleza, inakufundisha kutamani mwenzako apate mabaya. Ulitamani, au nasema uongo?"

"Nilitaka uaibike tu," Pilipili alisema kwa sauti ndogo. "Sikutaka uanguke."

"Najua. Lakini hasira haipimi, mwanangu. Ukiiomba kijiko inakuletea ndoo." Akausogeza mkono wake wenye plasta. "Kwa hiyo siku nyingine ukinikasirikia, njoo uniambie usoni, kwa maneno, kama ulivyofanya sasa. Nitaumia kidogo, lakini nitakuwa bado nimesimama."