Jalada 4417

Jalada moja tu ndilo lililoibiwa. Sanduku la fedha lilikuwa palepale mezani. Kompyuta mbili hazikuguswa. Lakini kwenye rafu ya tatu ya masjala, kati ya jalada 4416 na jalada 4418, palikuwa na pengo la upana wa kidole.

Inspekta aliingiza kidole chake, akakitoa. Rafu nzima vumbi lilikuwa halijaguswa. Mwizi hakupekua. Alikwenda moja kwa moja.

"Saa ngapi?"

"Saa ya chakula, Afande," alisema karani wa masjala, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Nilitoka dakika ishirini tu. Mlango una komeo. Mtu akipitisha mkono juu ya kaunta analifikia."

"Hilo umelijua tangu lini?"

"Tangu niajiriwe."

"Hongera. Jalada lilikuwa na nini?"

Karani alieleza huku akifuta miwani isiyokuwa na uchafu. Ofisi ile hutunza taarifa za mikopo. Mume na mke wakikopa pamoja, majina yao hufungwa pamoja. Mmoja akiharibu, mwingine naye huonekana hafai kukopeshwa hata sindano. Walioachana huja kuomba watenganishwe. Jalada 4417 lilikuwa la fundi cherehani mmoja aliyemkimbia mumewe. Ndani mlikuwa na orodha ya mikopo yote yenye jina lake, na anwani yake mpya.

"Mumewe anaijua anwani hiyo?"

"Hapana. Aliandika kwa wino mwekundu: asipewe mtu."

Inspekta hakuuliza la pili. Karani alimsomea anwani kutoka kwenye daftari la majina, naye akachukua funguo za gari.

Chumba cha fundi kilikuwa nyuma ya safu ya maduka. Alipobisha, cherehani ilinyamaza ndani.

"Nani?"

"Polisi."

"Pitisha kitambulisho chini ya mlango."

Alikipitisha. Makomeo matatu yalifunguliwa, moja baada ya jingine.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa vitambaa. Chini ya meza ya kukatia nguo alilala mtoto wa kike wa miaka sita, macho wazi, amekumbatia viatu vyake. Fundi alikuwa mwembamba, mkasi mkononi. Nyuma yake alisimama dada yake mkubwa, amekamata mchi, ufunguo wa mlango ukining'inia shingoni mwake.

"Shusha huo mchi, mama. Mimi si mahindi," alisema Inspekta.

Mchi haukushuka.

Fundi alimpa simu. Ujumbe ulitoka kwa namba ngeni: *Jumanne usiende kusaini. Mlango wako naujua.* Ulikuwa wa tatu ndani ya siku nne.

"Mumeo alikuwa anakupiga?"

"Mara mbili. Ya pili ndiyo iliyonitoa."

"Na jana alikuwa hapa," dada mkubwa alidakia. "Nilimwona kwa macho yangu haya, pale kona, kofia ameishusha hadi puani. Nilimwambia mdogo wangu, achana na hizo fomu. Jina likichafuka, limechafuka. Uhai hauna fomu."

"Ulimwona vizuri?"

"Kama ninavyokuona wewe, Afande."

Inspekta aliwataka wabaki ndani, akatoka hadi kwenye gari. Nyuma yake makomeo yalirudi: moja, mbili, tatu.

Alipiga simu kituo cha mji alikotoka yule mwanamume. Jibu lilikuja upesi.

"Huyo tunaye, Afande. Yuko rumande kwa utapeli, mwezi wa pili huu."

Kama mume yuko rumande, kona ile alisimama nani? Akapiga ya pili, kwa karani.

"Majalada yenu mnayapanga kwa majina?"

"Kwa namba, Afande. Hata mimi nikipewa jina tu, lazima nitazame daftari la majina."

"Daftari lilikuwa wapi wakati wa chakula?"

"Nilikwenda nalo. Huwa nalikalia."

"Nani mwingine anaijua namba?"

"Mwombaji mwenyewe. Imeandikwa kwenye stakabadhi yake, pamoja na siku ya kuja kusaini."

Inspekta aligeuka akautazama ule mlango. Makomeo matatu, na yote yako upande wa ndani. Kisha akakimbia.

Alibisha. Hakufunguliwa. Akabisha kwa ngumi.

"Ni mimi. Fungua wewe, fundi. Wewe mwenyewe."

Komeo la tatu lilichelewa kufunguka kuliko yote. Alipoingia, alimtazama mtoto kwanza. Alikuwa hai, amekaa kwenye mapaja ya mama yake mkubwa, anasukwa nywele. Mchi uliegemezwa ukutani, hatua moja kutoka mkono wa yule mwanamke.

Inspekta aliuchukua mchi akauweka nje.

"Mwanangu, njoo ushike kofia yangu," alisema taratibu. Mtoto akaja.

"Fundi, stakabadhi ya ombi lako iko wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo, ndani ya droo ya cherehani."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Mimi na dada tu."

Neno la mwisho lilipomtoka, fundi mwenyewe alilisikia. Akageuka polepole.

"Saa ya chakula ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza dada.

"Sokoni."

"Ulinunua nini?"

"Vitunguu."

"Viko wapi?"

Dada aliuvuta mkoba wake karibu.

"Mume wa mdogo wako yuko rumande mwezi wa pili. Jana ulimwona nani? Lete mkoba."

Jalada lilikuwa chini kabisa, limefungwa kwenye kitenge. Inspekta alifungua orodha. Mikopo saba. Sita ilikuwa na majina mawili. Wa saba ulikuwa na jina la fundi peke yake, na ulichukuliwa miezi minne baada ya yeye kumkimbia mumewe.

"Huu si wangu," fundi alinong'ona. "Sahihi hii si yangu."

Dada mkubwa alikaa chini sakafuni kama mzigo uliokatwa kamba.

"Ulipolazwa ulinipa kitambulisho nikushikie," alisema. "Nilikopa kwa jina lako, nikanunua kuku mia tatu. Walikufa wote ndani ya wiki moja. Nikasema moyoni, jina lake limekwishaharibiwa na yule mwanamume, deni langu litapotelea humo humo. Kisha ukaja na habari za kutenganisha. Wangepitia mkopo mmoja mmoja."

"Na ule ujumbe?" aliuliza Inspekta.

"Laini nilinunua mimi. Nilitaka asiende Jumanne tu. Nisingemgusa."

"Mwanangu analala na viatu mkononi," alisema fundi. "Siku nne, dada. Na wewe ndiye uliyekuwa unamwambia asilie."

Inspekta aliweka karatasi ya maelezo juu ya cherehani. Hakuzunguka.

"Bila sahihi yako, mkopo wa saba unabaki kwako hata jina la mumeo likitenganishwa na lako. Ukisaini, jina lako linasafishwa, na huyu anakwenda mahakamani. Sina karatasi ya katikati."

"Mdogo wangu, nitalipa," dada alilia. "Wallahi nitalipa."

Fundi alifuta mkono kwenye gauni. Akasaini taratibu, herufi zote, kama mtu anayeshona pindo.

Kisha akanyoosha kiganja kwa dada yake.

"Ufunguo wangu."