Kodi Iliyoacha Kufika

Kila asubuhi Régine alitoa cherehani yake barazani na kuanza kushona. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Kamalondo, kwenye barabara nyembamba ambayo watu huipita kwa miguu tangu alfajiri. Ilikuwa nyumba ya matofali, ndogo, yenye vyumba vitatu. Aliyeinunua ni baba mkwe wake, mfanyakazi wa reli. Godefroid, mume wake Régine, alizaliwa humo humo.

Wiki ile kazi ilikuwa nyingi. Waziri wa fedha wa jimbo alikuwa anakuja katika ukumbi wa parokia kujibu maswali ya wananchi. Akina mama wa mtaa walitaka kumpokea kwa sare, na Régine ndiye aliyepewa vitambaa vyote avishone. Waziri anakuja kuongea habari za kodi, na bado watu wanataka kumchezea ngoma! Lakini ndivyo mji ulivyo.

Godefroid alikuwa ameketi kwenye benchi, akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo. Zamani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu apasuliwe tumbo hawezi kuinua kitu kizito.

"Utauliza kabisa?" alisema. "Utasimama mbele ya bantu bote?"

"Nitasimama," Régine alijibu. "Nikinyamaza, nani atauliza juu yetu?"

Shida yao ilikuwa hii. Miaka minne iliyopita Godefroid aliugua vibaya sana. Ilibidi apasuliwe haraka. Ndugu walichanga, na bado fedha hazikutosha. Bwana Mukuka, aliyekuwa akikopesha watu mtaani, alitoa zilizopungua siku ile ile. Kwa garantie, yaani dhamana, alitaka nyumba. Walienda naye kwa notaire, afisa wa kuthibitisha hati, mume na mke, wakatia saini karatasi iliyoandikwa *acte de vente*, yaani hati ya kuuza nyumba.

Waliisoma. Hawakuwa wajinga. Régine aliuliza hata mara mbili.

"Njo vile tunafanyaka, mama," Mukuka alimwambia huku akicheka. "Haiko kuuza. Iko garantie tu. Mukimaliza kulipa, ninaipasua mbele yenu."

Na kweli mtaani wengi walikuwa wakifanya vile. Mukuka aliondoka pia na cheti cha nyumba, ile *certificat d'enregistrement*, akisema atawatunzia. Siku hiyo Godefroid alitembea kwa kushikiliwa, akipigana na kifo. Nani angebishana kuhusu karatasi?

Tangu siku hiyo walilipa riba kila mwezi, na deni lenyewe halikupungua hata kidogo. Sasa Mukuka alikuwa ametuma neno. Anataka fedha zake zote mwezi ukiisha. La sivyo, anachukua nyumba.

Ndiyo maana Régine alimsubiri waziri kama mgonjwa anavyomsubiri daktari. Mtaani kulivuma habari kwamba waziri anakuja kupunguza riba za mikopo ya nyumba. Kama banki ingewakopesha kwa riba ndogo, wangemlipa Mukuka na kubaki na deni la banki, pole pole, mpaka liishe.

Kulikuwa na jambo moja tu lililompa Régine moyo. Kodi ya nyumba, ile inayolipwa kwa serikali, ilikuwa imeacha kufika. Zamani kila mwaka wakala wa kodi alipita na karatasi yenye jina la Godefroid. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu anapita mlango wao kama hauoni. Anaingia kwa Ngalula, jirani wa ng'ambo ya barabara, anatoka, anaendelea na safari yake.

"Banalipisha paka miye, miye peke yangu!" Ngalula alikuwa akilalamika. "Ninyi mulifanya dawa gani?"

"État ilitusahau," Régine alimjibu kwa kicheko. "Usiende kuikumbusha serikali!"

Nani hulilia kodi isipofika?

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi nje. Akina mama waliimba, sare zao zikang'aa. Waziri aliingia, akapiga makofi pamoja nao kidogo, kisha akaketi. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Mzee mmoja aliuliza kwanza. "Excellence, mu radio tulisikia ya kama mu budget muko franga ya kujenga nyumba ya bantu. Ile nyumba iko wapi?"

"Papa, budget haiko franga mu mufuko," waziri alijibu. "Ni mpango. Tunaandika franga yenye tunafikiri itaingia, na namna tutaitumia. Isipoingia, ile nyumba inabaki mu karatasi. Mwaka uliopita haikuingia yote. Siwezi kukudanganya."

Watu waliguna. Mwalimu mmoja kijana akasimama. "Na taux, ile riba ya mikopo ya nyumba? Banasema utaishusha."

"Nani anasema? Taux, banki njo inaipanga. Inaangalia namna Banque centrale imepanga taux yake, na inaangalia kama weye utaweza kurudisha. Miye waziri wa jimbo siwezi kuamka asubuhi na kusema leo taux ishuke. Na banki inakopeshaka muntu mwenye certificat iko mu jina yake, mwenye analipa kodi ya nyumba."

Régine alimwelewa. Basi habari zile zote za mtaani zilikuwa maneno matupu. Lakini alijipa moyo. Cheti kipo, na kodi hawadaiwi. Alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Excellence, miye ni Régine, mushonaji. Hizi robe zote munaona, ni miye nilizishona." Watu walicheka, naye akapata nguvu. "Siye tuko na nyumba yetu hapa Kamalondo. Certificat iko. Kodi hatudaiwe hata franga moja, juu mwaka ya tatu sasa karatasi haifikake kwetu. Siye banki itatukopesha na taux gani?"

Ukumbi wote ulilipuka kwa kicheko na makofi. "Bahati yako, mama!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Waziri hakucheka.

"Mama, mbele karatasi ilikuwa inafika?"

"Ndiyo, kila mwaka."

"Na certificat iko wapi?"

"Kwa muntu mwenye alitukopesha franga. Anatutunzia."

Waziri alivuta kipaza sauti chake karibu. "Mama Régine, État inasahauka kutengeneza barabara. Hiyo ninakubali. Lakini kodi, haisahauke. Karatasi isipofika kwako, pengine inafika kwa muntu mwingine. Kesho asubuhi nenda ku Titres fonciers, ofisi ya hati za nyumba. Uliza nyumba iko mu jina ya nani."

Kicheko kilikatika. Régine aliketi. Waziri aliulizwa maswali mengine, akajibu, akina mama wakaimba tena, lakini yeye hakusikia lolote. 

Mlangoni alikutana na Wivine, mwanamke aliyefanya kazi katika ofisi ya parokia, ile inayowasaidia watu katika mambo ya sheria. Wivine alimshika bega, akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Régine, mulisaini karatasi gani?"

"Acte de vente. Lakini ilikuwa garantie tu."

"Mulisaini mbele ya notaire? Weye na papa Godefroid, bote babili?"

"Bote babili."

Wivine alifumba macho. "Kesho tutaenda pamoja," alisema.

Kesho yake walikwenda. Karani alitafuta kitambo, kisha akawageuzia daftari lake. Nyumba ilikuwa katika jina la Mukuka. Alikuwa ameibadilisha mara tu baada ya wao kutia saini, mwaka ule ule Godefroid alipokuwa bado anajifunza kutembea tena. Kila mwaka yeye ndiye aliyeilipia kodi.

Walitoka nje, wakaketi kwenye ngazi za ofisi. Godefroid alikuwa amekuja nao, akitembea pole pole. Wivine aliongea kwa sauti ya chini.

"Sitabadanganya. Kama muntu alipata certificat kwa udanganyifu, sheria inatoa miaka mibili ya kwenda kulalamika ku tribunal, mahakamani. Ile miaka imepita. Sasa munaweza kumushitaki Mukuka, kulomba abalipe hasara. Nitabasaidia. Lakini kumunyanganya nyumba yenyewe, iko nguvu sana, ni kama haiwezekane."

"Kama tungekuya ule mwaka ya kwanza?" Régine aliuliza. "Wakati karatasi ya kodi haikufika?"

"Ule mwaka, yaya, tungepigana."

Mwaka ule wa kwanza walichinja kuku. Régine alikumbuka vizuri. Walipoona wakala wa kodi amepita bila kuingia, alinunua kuku sokoni, akampika na bukari, yaani ugali, akamwita na Ngalula aje wafurahi pamoja. Na Mukuka aliendelea kuja kila mwezi kuchukua riba yake, akiulizia hali ya mgonjwa, akisubiri miaka miwili iishe.

"Mungeniacha nikufe," Godefroid alisema. "Nyumba ingebaki."

"Nyamaza!" Régine alimwambia, kisha akaanza kulia mwenyewe, kwa sauti, pale ngazini, watu wakipita. Hakujali. Alikuwa na hasira kwa Mukuka, na hasira kubwa zaidi kwa mkono wake mwenyewe ulioshika kalamu. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba hata leo, kama Godefroid angeanguka tena, hakujua angefanya nini tofauti.

"Basi garantie ya kweli iko namna gani?" aliuliza baadaye, akijifuta uso.

"Inaitwa hypothèque," Wivine alisema. "Ni kuweka nyumba rehani bila kuiuza. Weye na mukopeshaji munaenda kwa conservateur, mukubwa wa hii ofisi. Anaandika deni ku certificat. Nyumba inabaki mu jina yako. Ukishindwa kulipa, ule muntu hawezi kukufukuza yeye mwenyewe, anapita paka ku tribunal. Ukimaliza kulipa, deni inafutwa. Acte de vente haiko garantie, yaya. Ukisaini kuuza, umeuza."

"Juu ya nini hakuna muntu alituambia?"

 Ofisi ya Wivine ilikuwa mita mia chache tu kutoka kwao, na hawakuwahi kuingia.

Walishtaki. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwezi aliousema Mukuka haukumngoja mtu. Mukuka alikuja na karatasi za kweli na watu wa kweli wa kuwahamisha, na hapakuwa na la kufanya. Régine na Godefroid walipata chumba kimoja cha kupanga Kasungami, mbali, kati ya mashamba ya mahindi. Wateja wa kushona huko walikuwa wa kuhesabu. Godefroid alizidi kunyamaza. Siku nyingine alikaa kutwa nzima akitazama ukuta, na Régine alimwekea chakula mbele yake na kukiondoa kama alivyokiweka.

Siku moja Ngalula alimpigia simu. Mtoto wake alikuwa amepata nafasi ya kusoma katika chuo cha Kasapa, na mume wake alikuwa hana kazi.

"Mama Régine, Mukuka anakuya leo na karatasi. Anasema iko garantie tu."

Régine hakumaliza hata kumsikiliza. Alimpigia Wivine, akapanda basi, akafika Kamalondo jasho likimtoka. Alimkuta Mukuka ameketi kwa Ngalula, kalamu mezani. Alipomwona, Mukuka alitabasamu kama mtu anayekutana na rafiki.

"Mama Régine! Papa anaendelea namna gani?"

Régine alimpita. Alimtazama Ngalula. "Mwambie muende bote kwa conservateur. Mwambie aandike hypothèque."

Ngalula aligeuka. "Umesikia. Kama iko garantie tu, twende kwa conservateur."

"Ile kazi iko murefu," Mukuka alisema. "Inaomba franga mingi. Siye tunajuana, juu ya nini karatasi mingi?"

"Alors baki na franga yako," Ngalula alisema, akamrudishia kalamu.

Mukuka alikunja karatasi zake na kuondoka. Wivine alifika baadaye kidogo. Walikaa wote watatu, wakahesabu. Karo ya mwanzo haikuwa kubwa kiasi cha kuingiza nyumba hatarini. Likelemba ya akina mama, ule mchango wao wa kupeana zamu, ilikubali kumpa Ngalula zamu ya kwanza. Mtoto alianza masomo. Tangu siku ile akina mama wa mtaa huo hawasaini hati ya kuuza kwa ajili ya mkopo. Anayeombwa garantie anapita kwanza kwa Wivine. Wawili kati yao walikwenda kuuliza nyumba zao ziko katika majina ya nani, na mmoja alijikuta bado yumo ndani ya ile miaka miwili. Huyo anapigana sasa, na Wivine anasema atashinda.

Jioni ya siku ile Mukuka alipoondoka, Ngalula alimkumbatia Régine mlangoni na kumshukuru mara nyingi. Régine alisema ni kitu kidogo. Kisha akavuka barabara, bila kufikiri, akasukuma mlango wa lupango, ule wa ua, na kuingia, kama alivyofanya kila siku kwa miaka ishirini na sita.

Binti asiyemfahamu alikuwa anafua uani. Aliinua kichwa.

"Jambo mama," alisema kwa adabu. "Unatafuta nani?"

Régine alirudi nyuma hadi mlangoni. "Hapana," alisema. "Nilikosea nyumba."