Njia Niliyomchorea Nabhan

Tk-tk-tk-tk-tk.

Kiza bado, adhana ya alfajiri haijapigwa, nami nimelalia ubavu wa kushoto kwa ajili ya tumbo. Sauti ile naijua. Ni gurudumu la nyuma la baiskeli, linazungushwa polepole huko ukumbini ili mimi nisisikie.

"Nabhan."

Gurudumu likanyamaza.

"Nabhan, nakusikia."

"Lala, Ghaniya. Naikagua tu."

"Unaikagua au unaitia kwenye katoni?"

Nikasikia utepe wa gundi unavutwa, kraaa. Nikainuka nikenda. Nilimkuta mume wangu kapiga magoti, pedali kashazifungua, usukani kaulaza kama mtu anayemlaza mtoto.

Hiyo safari ilikuwa yetu sote wawili. Mwaka mzima nilisoma Kifaransa darasa la jioni, kwenye kompyuta, mtoto wetu Shurooq kanilalia mapajani. Nikajifunza na baiskeli, huko kwenye mashamba ya mitende nyuma ya mji wetu wa Ibra, watu hawajaamka kuniona. Njia niliichora mimi katika daftari, siku kwa siku: misitu ya Burgundi huko Ufaransa, kando ya mfereji wa mashua, daraja la mawe, vijiji vyenye kuta za kale. Kisha mimba ikaingia.

"Tulisema tutakwenda pamoja," nikamwambia.

"Na daktari kasema usipande baiskeli. Miezi sita hiyo, si mchezo."

"Basi tungoje. Njia haikimbii."

"Likizo inakimbia. Akishazaliwa huyu, mimi nitatoka lini tena? Siku kumi tu, mama. Na rafiki yangu Laith yuko nami."

"Njia nimeichora mimi, Nabhan."

"Ndo maana siogopi kupotea."

Akacheka. Alitaka na mimi nicheke. Sikucheka.

"Wallahi ukitoka na hilo katoni, na mimi natoka na mwanangu. Nakwenda kwa mama, Samail."

"Unasusa?"

"Nasusa."

Akadhani ni maneno ya mimba. Akanibusu kipajini, akabeba katoni lake, akatoka. Jua lilipopanda, na mimi nikatoka.

*

Mama yangu, Bi Mabruka, amezaliwa Unguja na mambo yake ni ya Unguja. Aliponiona mlangoni na begi, na Shurooq kanishika baibui, hakuuliza maji wala chai.

"Umefukuzwa au umesusa?"

"Nimesusa, mama."

"Haya. Basi ususe kama watu. Mwanamke aliyesusa hajirudishi, na simu ya mume hapokei. Akipokea, kesharudi. Aliyekutoa hapa kwa heshima, aje mwenyewe akutake kwangu kwa heshima."

"Yuko Ufaransa, mama."

"Huko Ufaransa hakuna ndege za kurudi?"

Nilifikiri ni siku mbili. Nilifikiri atasikia nimeondoka kweli, atageuza. Hakugeuza. Lakini ujumbe ulikuja kila jioni, nami nikausoma bafuni, maji nimeyafungulia.

Siku ya kwanza: "Asalaam alaykum mke wangu. Laith kasema mkewe kakuona umebeba begi. Nikirudi naja Samail kukuchukua. Nisamehe."

Siku ya tatu: "Ghaniya, msitu huu hauna mwisho. Mti kwa mti, mbingu huioni. Nanusa udongo uliolowa tu. Mkate nimenunua kwa Kifaransa ulichonifundisha, muuzaji kacheka lakini kanipa."

Siku ya nne: "Daraja la mawe lipo, pale pale ulipoandika. Nimesimama katikati nikakutaja jina. Laith kanambia nina wazimu. Japo nitukane basi, nijue unasoma."

Niliandika, "Nasoma." Nikafuta. Niliandika tena. Mama akagonga mlango.

"Unaoga au unafua?"

Nikafuta.

*

Kwenye ramani ya simu yangu kulikuwa na kidoti cha buluu. Kidoti hicho ndiye Nabhan. Kila nikikitazama kinatambaa juu ya njia yangu, kijiji hadi kijiji. Siku ya tano kikasimama katikati ya msitu. Baada ya saa moja kikarukia mji mwingine, mbio, mbio ambazo si za baiskeli. Kikasimama tena. Usiku kucha, na ujumbe haukuja. Na asubuhi pale pale.

Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilipiga simu mbele yake, sikuficha.

"Ghaniya! Nimesema nini mimi?"

"Simpigii yeye. Nampigia Laith."

Laith akapokea mara moja, kama aliyekuwa kaishika simu mkononi.

"Shemeji, alinikataza kukwambia."

"Kunambia nini? Laith, sema!"

"Ameanguka. Mfupa wa paja umevunjika. Yuko hospitali, anaongea, usiogope. Leo saa nane za huku, saa kumi za kwenu, wanampasua."

Nikakaa chini sakafuni, na tumbo langu. "Kaangukaje? Nabhan kapanda majabali yote ya huku kwetu Sharqiyah!"

"Changarawe anazijua, shemeji. Mawe anayajua. Haya majani hatuyajui. Yamelowa mvua, yamejaza barabara, mazuri kama zulia jipya. Sisi tukayaona zulia. Alipofunga breki tu, baiskeli ikateleza ikampita."

"Kwa nini afunge breki kwenye mteremko?"

Laith akaanza kuniuliza habari za Shurooq.

"Laith."

"Daftari lako, shemeji. Siku ya tano. Uliandika, simama katikati ya mteremko, kanisa la kale linaonekana baina ya miti. Alisimama akupigie picha."

Nilikumbuka mkono wangu ulioandika. Kalamu ya kijani. Nilikuwa nimekaa kitandani kwetu Ibra, nje joto la digrii arubaini, naufikiria msitu nisioujua. Nani katika sisi angejua kuwa jani laweza kumvunja mtu mfupa?

Na mimi nifanye nini? Visa sina, na kuipata ni wiki. Ndege na tumbo hili, daktari hataki. Hata mto wa kichwa siwezi kumgeuzia. Nilifungua begi langu nikatoa nguo, nikazirudisha, nikazitoa tena. Mama ananitazama.

"Kaa, mwanangu. Utajiumiza."

"Nikae nifanye nini, mama?"

Mama akaacha mchele, akavuta tasbihi.

*

Saa tisa u nusu ya kwetu simu ikalia. Nabhan. Nusu saa kabla ya kupasuliwa.

Nikamtazama mama. Mama akatazama tasbihi yake. Nikapokea, nikaweka sauti wote tusikie.

"Ghaniya?"

Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu.

"Nipo," nikasema. "Nabhan, nisamehe. Mimi ndiye niliyeandika usimame pale."

"Kanisa lilikuwepo lakini. Zuri, Ghaniya. Nimeliona, ndo nikaanguka."

Nikacheka na machozi yakanitoka pamoja.

"Sikiliza, hawa wanakuja kunichukua," akasema. "Watanilaza kwa dawa ya usingizi. Sitaki kulazwa mke wangu akiwa kasusa. Mama yuko hapo?"

"Anakusikia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, uso kaukunja. "Pole na maumivu. Mungu akuafu."

"Amin. Mama, ilikuwa nije mwenyewe mlangoni kwako. Miguu sina. Nimekuja kwa hii simu. Nakuomba mke wangu."

"Mke haombwi kwa simu, Nabhan. Tangu lini? Mtu huja, hupiga hodi, husikia karibu, huingia, husema."

"Basi napiga hodi."

"Usifanye mchezo na desturi za watu!"

"Sifanyi mchezo, mama. Wallahi sina kingine." Akavuta pumzi. "Hodi."

Shurooq aliyekuwa anachora ukutani kwa kidole akageuka.

Kwetu hodi ni mara tatu. Ya tatu isipojibiwa na mtu yeyote wa nyumba, mgeni hugeuka akenda zake, na hapana wa kumlaumu mwenye nyumba. Nami niliyesusa siwezi kujikaribishia mume wangu katika nyumba ya mama. Nikamshika mama mkono. Hakuuvuta, lakini mdomo kaufumba.

"Hodi," Nabhan akasema tena. Nyuma yake mwanamke anaongea Kifaransa, upole. Nilimfahamu kila neno: bwana, ni wakati, zima simu.

"Mama," nikanong'ona. "Mama, wanamchukua."

"Alikuacha na mimba, Ghaniya."

"Aliniacha. Na mimi nimemwacha siku tano bila salamu. Nani kati yetu keshaadhibiwa?"

Machozi yakamshuka mama, akayaacha. Akafungua kinywa, sauti haikutoka.

Kitanda cha magurudumu kikasikika kinasukumwa.

"Hodi," akasema Nabhan, mbali sasa, kama mtu aliye mwisho wa njia.

Shurooq akaja, akaweka mikono miwili juu ya simu, akasema kwa sauti kubwa:

"Karibu baba, mama yuko hapa."