Kinyaa Alichokificha Awut

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Awut alipanga madumu kwenye foleni ya bomba, kisha akamsaidia mama yake kubeba birika na sufuria hadi kibanda chake cha chai katika soko la Kakuma. Kazi hizo alizifanya bila kunung'unika. Iliyobaki ndiyo aliyoichukia kupindukia: kumbadilishia nyanya yake shuka.

Nyanya Nyibol alikuwa ameanguka mlangoni na kuvunjika nyonga. Kwa kuwa hakuweza kusimama, haja zake zote alizimalizia pale pale kitandani, juu ya godoro lililofunikwa kwa nailoni. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaeleza wazi: mgonjwa asilale kwenye unyevu, ageuzwe mara kwa mara, na zaidi ya yote anywe maji mengi, la sivyo joto la Kakuma litammaliza kabla nyonga haijapona. Mama aliondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo kazi ikamwangukia Awut, mtoto wa miaka kumi na miwili.

Tuseme ukweli. Mkojo uliolala usiku kucha katika chumba cha mabati hauna adabu. Unapanda puani, unashuka kooni, na ukiisha kufika huko hauondoki. Awut alimpenda sana nyanya yake, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni walipokimbia kutoka Sudan Kusini. Hata hivyo, kila alipofungua pazia la chumba kile, alirudi nyuma hatua moja. Basi akajifunza kubana pumzi. Alivuta hewa nje, akaingia mbio, akaivuta shuka kwa ncha za vidole viwili huku uso umekunjamana, kisha akatoka nje kuhema. Siku nyingine alishindwa kabisa, akatandika leso kavu juu ya shuka mbichi na kwenda zake.

"Umembadilishia nyanya shuka?" mama alimuuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

Nyanya alisikia kila kitu kutoka nyuma ya pazia.

Baada ya muda, shuka zikaanza kubaki kavu. Awut hakujua ni kwa nini, wala hakutaka kujua. Alipompelekea nyanya kikombe cha maji, nyanya alikirudisha taratibu. "Kunywa wewe, mjukuu wangu. Umetoka juani." Awut alikunywa, tena kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa shuka kavu.

Wakati huo huo, Mwalimu Aregae alirudi kutoka mafunzoni Lodwar akiwa na jambo jipya. Alikuwa Mturkana wa Namoruputh, mrefu, mpole, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

"Ejoka!" alilisalimu darasa.

"Ejok noi!" wanafunzi waliitikia.

"Leo hatuanzi na hesabu. Tutafanya zoezi la kutulia. Kaeni chini, fumbeni macho, mfuate pumzi zenu. Pumzi ikiingia, ijue. Ikitoka, ijue. Na jambo lolote likija moyoni, msilifukuze. Litazameni tu."

"Na usingizi ukija, mwalimu?" aliuliza Zubeyr, mchekeshaji wa darasa.

"Utazame pia, lakini usikorome."

Walicheka, kisha wakanyamaza. Awut alifumba macho akingoja amani. Alivuta pumzi ndefu kwa pua, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa majuma mengi hakuwa amevuta pumzi hivyo. Alikuwa amezoea kupumua nusu nusu. Ile harufu ikamjia. Nyumbani kulikuwa mbali, lakini alihisi kama amesimama kando ya kitanda. Mate machungu yalimjaa kinywani, na vidole vyake akavihisi vimelowa. Alijaribu kuitazama hali hiyo kama mwalimu alivyosema, akashindwa. Lo, kinyaa gani hicho! Akafumbua macho, akamwona jirani yake wa dawati, Hamdiya, aliyejifunika mtandio wa kijani.

"Ni wewe!" Awut alifoka. "Unanuka!"

"Mimi?" Hamdiya aliruka. "Nguo zangu mama amezifukiza udi jana! Labda hiyo pua yako ndiyo imeoza!"

Darasa zima lilicheka, na zoezi likaishia hapo. Mwalimu Aregae alimtazama Awut kwa muda, kisha akaandika hesabu ubaoni. Awut alijua kwamba amemsingizia mwenzake, lakini kumsingizia Hamdiya kulikuwa rahisi kuliko kusema harufu ile ilitoka wapi.

Siku iliyofuata walitulia tena. Harufu ilirudi, na safari hii ilikuja na jingine. Awut aliuona uso wa nyanya, macho yake yakimtazama anavyobana pua, anavyoshika shuka kwa vidole viwili. Nyanya hakuwa na hasira. Alikuwa akitazama tu, kama mtu anayeomba radhi. Awut akajichukia. Sasa kinyaa hakikuwa cha shuka tena, kilikuwa cha nafsi yake mwenyewe, na hicho hakina mahali pa kukikimbilia. Akatapika. Uji wote wa asubuhi ukamwagika sakafuni, na wanafunzi wakatawanyika huku wameziba pua.

Mwalimu alimtoa nje hadi barazani, akampa maji asukutue. "Umeona nini, Awut?"

"Mwalimu, mimi ni mtoto mbaya," alisema, na machozi yakamtoka. Alieleza yote: chumba, shuka, pumzi anayoibana, leso anayotandika juu ya uchafu, uongo anaomwambia mama. "Nyanya alinibeba mgongoni. Na mimi namwonea kinyaa."

Mwalimu Aregae hakushtuka. "Nilipotulia hivi Lodwar mara ya kwanza, mimi pia nilingoja amani. Nikapata hasira, tena kwa ndugu yangu ambaye ni marehemu. Niliona aibu sana. Kutulia hakuleti uchafu, Awut. Kunafunua tu ulioko chini ya mkeka. Sasa tumeuona, tutaufagia. Hali ya nyanya ikoje?"

"Siku hizi ni afadhali. Shuka ni kavu. Hata hakojoi sana."

Uso wa mwalimu ulibadilika. "Anakunywa maji?"

Awut alikumbuka vikombe vyote alivyorudishiwa. "Ananipa mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwetu Namoruputh kiu tunaijua," mwalimu alisema, akiwa tayari ameinuka. "Mtu asiyekojoa katika jua hili hajapata afadhali. Twende upesi."

Alimwachia mwalimu mwenzake darasa, wakakata njia katikati ya vibanda. Walimkuta nyanya amelala ubavu, midomo imepasuka, ulimi mkavu. Nyanya alipomwona Awut, alimwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Mwalimu aliazima mkokoteni wa jirani wa kubebea madumu, wakalilaza godoro pamoja na nyanya juu yake. Walipomwinua, Awut alimshika nyanya mabegani kwa mikono miwili, na harufu ilikuwa pale pale. Kinyaa nacho kilikuwa pale pale, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi. Njia nzima alisukuma mkokoteni huku akisema, "Nyanya, usilale. Nyanya, nisamehe."

Katika zahanati, muuguzi Ayaan alimtundikia nyanya maji ya mshipani. Mama alifika akikimbia, aproni yake ya chai bado kiunoni. Saa zikapita. Jua lilipoinama, nyanya alifumbua macho na kumwita Awut kwa jina lake.

"Mama Nyibol," Ayaan alimuuliza, "kwa nini uliacha kunywa maji? Hukuambiwa?"

Nyanya aligeuza uso kuelekea ukutani. "Niliambiwa. Lakini huyu mtoto alikuwa akinishika kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Nikaona nisipokunywa, hatakuwa na kitu cha kuokota."

Awut alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kila jioni nilikuuliza," mama alimwambia. "Kila jioni ukanidanganya."

"Niliogopa utasema simpendi nyanya."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema. Kisha akaketi kitandani. "Na mimi nilikuuliza tu. Sikuingia chumbani kuona. Mzigo wa mtu mzima nimeutwika kichwa cha mtoto."

Ayaan alivua glavu, akanawa mikono, akamwita Awut karibu. "Unafikiri mimi sioni kinyaa?"

"Wewe ni muuguzi," Awut alijibu.

"Na nina pua. Asubuhi hii nimesafisha kidonda kilichonifanya nikae nje kidogo kabla ya chai. Sikiliza. Kuona kinyaa si kosa. Ni mwili unakwambia hapa pana uchafu, jihadhari. Kosa ni kukificha. Ulikificha wewe, nyanya naye akaficha aibu yake, na kati ya siri hizo mbili mtu amekaribia kufa kwa kiu huku maji yapo nyumbani. Ungesema, 'Mama, nimeshindwa,' ungepata glavu na sabuni, na ungepata mtu wa kushika upande wa pili wa shuka. Sema ukweli mapema, hata ukiwa wa aibu. Kazi ngumu haifanywi na mtu aliyebana pumzi."

Awut aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alimwomba Hamdiya msamaha mbele ya darasa. Hamdiya alimwacha aombe mara mbili, kisha akamsamehe.

Nyanya aliporudi nyumbani, mama alipanga kufungua kibanda akiwa amechelewa kidogo, ili waingie chumbani wote wawili. Glavu zilining'inia kwenye msumari. Asubuhi ya kwanza Awut alivuta pumzi kamili mlangoni, akaingia. Uso ulimkunjamana, na hakuuficha.

"Inanuka, Nyanya."

Mama alishtuka, lakini nyanya akacheka mpaka akakohoa. "Unaita hii harufu? Nilipokuwa msichana kwenye kambi ya kuchungia ng'ombe, tuliosha nywele kwa mkojo wa ng'ombe na kujipaka majivu ya samadi. Tukajiona warembo kuliko wote!"

"Nyanya! Kinyaa!"

"Kinyaa? Babu yako aliniposa hivyo hivyo!"

Mama alicheka mpaka akaiachilia shuka. Walipomaliza kumsafisha na kumgeuza, Awut alimletea nyanya maji. Nyanya alikishika kikombe bila kunywa, akamtazama mjukuu wake usoni.

"Nitakunja uso tena kesho," Awut alisema. "Lakini nitakuja. Kunywa."

Nyanya alikunywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo, akakirudisha kikombe.

"Jaza tena," alisema.

Awut alijua vizuri kikombe cha pili kingeifanya nini shuka ile safi. Akakijaza mpaka ukingoni.