Masikio ya Mama

Kila nilipotoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kula na kusikiliza. Mbili za kwanza kila mtoto anazijua. Ya tatu ilikuwa yangu peke yangu, na nitaieleza bila kujipamba, kwa sababu ndiyo niliyoiharibu.

Mama yangu ni fundi wa spika. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: meza moja ndefu, bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa, mabunda ya waya mwekundu na mweusi, na maboksi ya mbao yanayosubiri kutiwa sauti. Mtaa mzima ulimwita Mama Besi. Alianza kazi kabla sijazaliwa, akipima vipaza sauti vya sherehe na mikutano, akisimama mbele yake kutwa nzima bila kuziba masikio. Lakini masikio hayana spea. Nilipofika darasa la nne, sauti nyembamba zilianza kumkimbia. Hakusikia mbu, hakusikia kengele ya baiskeli nyuma yake, hakusikia simu ikilia chumba cha pili. Besi, yaani sauti nene, aliisikia vizuri kuliko mimi.

Watu hawakujua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa mimi. "Fundi wa sauti asiyesikia ni kama dereva asiyeona," mama aliniambia. "Hili libaki kati yetu wawili." Tukaweka ishara. Tukiwa kwa mteja, nikikuna shavu maana yake sauti nyembamba ziko sawa. Nikivuta sikio, kuna kasoro. Nadhani wateja wengi waliamini nina upele.

Nilipokuwa darasa la sita, mkuu wa chuo cha ualimu kilicho karibu nasi alimwita mama. Alitaka sebule yake iwe kama jumba dogo la sinema, spika tano na sabufa moja, ile spika kubwa ya besi peke yake.

"Sebule yangu ni mtihani, Fundi," alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kutunga mitihani. "Ukifaulu, ukumbi mpya wa chuo ni wako."

Mama aliutaka ukumbi ule kuliko kitu chochote. Hakuna fundi wa mtaani aliyewahi kupewa kazi kama hiyo, na fundi mwanamke ndiyo kabisa. Wiki ile alikuwa akiimba akipiga randa mbao, tena anaimba vibaya, na mimi nilikuwa nikimcheka.

Spika nyingine zilinunuliwa tayari, lakini ile ya katikati, inayokaa chini ya televisheni na kutoa maneno ya waigizaji, aliiunda mwenyewe. Ndani ya boksi lake mna spika mbili: kubwa ya sauti nene, na ndogo ya sauti nyembamba iitwayo twita. Kati ya hizo mbili hukaa krosova, kibao kidogo chenye koili na kapasita. Kazi ya krosova ni kama ya mtu anayegawa chakula mezani: mkubwa apate tonge kubwa, mdogo apate dogo. Twita ikilishwa besi hupaliwa, na isipookolewa mapema huungua.

Alhamisi jioni, mama akiwa anaunganisha krosova, waya mweusi uliisha. Duka lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo akatumia mwekundu kwa spika zote mbili, kubwa na twita. "Nitakumbuka upi ni upi," alisema. Mafundi wengi husema hivyo kabla ya kusahau. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu: kabla boksi halijafungwa, mama huwasha muziki kwa sauti ya chini, nami huweka sikio karibu kabisa na twita. Inatakiwa isikike ss-ss tu, kama mtu anayepepeta mchele. Besi ikipenya hata kidogo, waya zimebadilishana mahali.

Nje wenzangu walikuwa wakicheza netiboli, nao walikuwa pungufu ya mmoja. Waliniita mara ya kwanza, wakaniita mara ya pili. Mama akawasha muziki. Niliinama juu ya boksi kwa muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu, macho yangu yakiwa dirishani.

"Enhe?" mama akauliza.

"Safi, mama."

Akakaza skrubu zote nane huku mimi niko uwanjani. Tulishinda. Nakumbuka kwamba tulishinda, na sijawahi kuufurahia ushindi ule.

Ijumaa mchana shule ilifungwa mapema, tukaenda kwa mkuu wa chuo. Sabufa haiwekwi inapopendeza macho, huwekwa inaposikika vizuri, na mama ana njia yake ya kupatafuta mahali hapo. Aliipandisha sabufa juu ya kochi, pale pale ambapo mwenye nyumba angeketi, akafungulia besi, kisha akapiga magoti na kuanza kutambaa sakafuni. Mahali ambapo aliisikia besi imeshiba bila kuvuma, hapo ndipo sabufa ingehamia. Mkuu wa chuo alisimama na kikombe chake, akimwangalia mtu mzima akitambaa juu ya zulia lake.

"Fundi, umeangusha sindano?"

"Naitafuta sauti, Mkuu. Ikiniona nimesimama inajificha."

Akaipata kando ya rafu ya vitabu. Akashusha sabufa pale, akazungusha kitufe cha krosova ya sabufa hadi kwenye namba themanini, ili sauti za chini ya hapo zibebwe na sabufa na za juu zibaki kwa spika. Akakipandisha kitufe makusudi amwonyeshe mkuu: sauti ya mtangazaji ikahama kwenye televisheni, ikawa kama kuna mtu anaongea nyuma ya rafu. Akakirudisha, na mtangazaji akarudi mahali pake. Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijivunia mama yangu siku ile, na hilo linaniuma hadi sasa.

Kisha mama akaongeza sauti ya spika ya katikati, nami nikasikia. Maneno yalikuwa yakikwaruza kidogo, kiasi ambacho mkuu, asiyezoea spika, hakukigundua, na kila ngoma ilipopigwa twita ilikohoa. Nilijua mara moja kilichotokea. Mama naye alikuwa ameshageuka kunitazama, akitabasamu, akingoja kuona mkono wangu utakwenda wapi.

Ningevuta sikio, boksi lingefunguliwa, na swali la kwanza lingekuwa nilisikia nini Alhamisi. Nikakuna shavu.

"Imekamilika, Mkuu," mama akasema.

Jumapili saa tisa tuliitwa. Tulikuta madirisha yote yako wazi, na hata hivyo sebule bado ilinuka kitu kilichoungua. Wageni ambao mkuu aliwaalika kutazama filamu walikuwa wameondoka na viti vimebaki vimepangwa mbele ya televisheni. Sakafuni alichuchumaa fundi wa mtaa wa pili, yule anayeitwa Volteji, na mbele yake spika ya mama ikiwa imefunguliwa tumbo.

"Mama Besi, krosova umeigeuza," Volteji akasema. "Besi yote umeimwagia twita. Jamani, hata mtoto angeisikia hii."

Mkuu wa chuo hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Walimu wenzangu wamekaa hapa wanaona midomo inacheza, maneno hayaeleweki. Nimewaambia huyu ndiye fundi ninayewaletea ukumbini." Akamgeukia mama. "Fundi, ulisikiliza kabla ya kufunga boksi?"

"Nilisikiliza," mama akajibu.

"Na hukusikia kitu?"

Mama aliinama akaitazama twita iliyoungua. Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Alikuwa radhi aitwe mzembe mbele ya Volteji kuliko siri yake itoke, na tena alikuwa akinifichia mimi, akidhani labda nilipitiwa tu.

"Hakusikiliza yeye, Mkuu," nikasema. "Nilisikiliza mimi. Yaani, sikusikiliza. Nilisema safi kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Na Ijumaa nilisikia kasoro, nikanyamaza."

"Wewe?" Mkuu akashangaa. "Kwa nini kazi ya mama yako usikilize wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kukiri kosa langu. Swali hilo sikuwa nimelifikiria.

"Kwa sababu mimi sisikii sauti nyembamba," mama akasema. "Mwaka wa pili huu."

Hata Volteji hakucheka. Alianza kukusanya skrubu za boksi moja moja na kuziweka kiganjani, kama mtu aliyejikuta kwenye chumba kisicho chake.

Mama alifungua mkoba wake, akatoa twita ya akiba, akapiga magoti. Alizibadilisha mahali zile waya mbili nyekundu na kufunga uzi kwenye mmoja ili zisichanganyike tena. Alipomaliza akawasha muziki, akaniambia mbele ya wote, "Sikiliza. Halafu useme kwa mdomo, sitaki ishara."

Nilisikiliza muda mrefu. Nilisikiliza wimbo wote, na nusu ya uliofuata.

"Ni ss-ss tu, mama. Hakuna besi."

Mkuu wa chuo akaketi kwenye kochi na kuwasha filamu. Maneno yalitoka wazi, besi ikaja chini yake taratibu. Alitazama dakika kadhaa, kisha akazima.

"Sauti ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana, na hilo linanisikitisha zaidi. Fundi, ungeniambia tangu mwanzo kwamba unamhitaji mtu wa kukusikilizia, ningekubali. Tungepanga. Sasa nabaki nikijiuliza kuna lipi lingine ambalo sijaambiwa. Ukumbi siwezi kukupa. Uniwie radhi."

"Nimekuelewa, Mkuu," mama akajibu, akafunga mkoba wake.

Njiani nilitaka kumpokea mkoba akakataa. Tulipofika nyumbani aliketi kwenye meza yake ndefu bila kuvua viatu. Nikamwambia nisamehe, mama. Nikalia. Aliniacha nilie hadi nikamaliza.

"Kaa," akasema. "Wewe umenidanganya mara mbili. Mimi nimewadanganya wateja miaka miwili, tena nikakufundisha na wewe namna ya kunisaidia. Mtoto akifundishwa kukuna shavu kwa watu, siku moja atamkunia na mama yake. Hilo ni langu, nitalibeba."

"Na langu?"

"Lako ni hili, ulishike vizuri. Mtu mwenye masikio yake ukimdanganya, atasikia mwenyewe na kukurekebisha. Anayesikia kwa masikio yako hana pa kuhakikisha. Amekupa kila kitu. Kazi uliyoaminiwa hivyo, usiifanye nusu, na ukiiharibu sema siku hiyo hiyo, maana kosa la Alhamisi lilikuwa la waya mbili tu. Ulipolilaza hadi Jumapili likawa la ukumbi mzima."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," akasema. "Kukuamini kutachukua muda, na muda huo siwezi kuupunguza hata nikitaka. Mimi mwenyewe ningependa uwe mfupi."

Ukumbi alipewa Volteji. Sasa mama humwambia kila mteja mlangoni kwamba yeye hasikii sauti nyembamba na binti yake ndiye husikiliza. Wengine huacha spika zao, wengine huzibeba na kuondoka, naye huwafungulia mlango kwa heshima ile ile. Mimi husikiliza kila boksi hadi mwisho, hata wenzangu waniite mara kumi. Nikishamaliza husema, "Safi, mama."

Mama hunishukuru. Kisha hutoka kibarazani, humwita fundi cherehani wa jirani aje naye asikilize, na mimi husogea kumpisha.